Kwa nini Krismasi yetu inanukia pilau? Mlio ndani na mlio nje, semeni kwenu sikukuu inaliwa nini

Mla Ukoko (mwanzisha uzi):

Wakuu, salaam.

Pita mtaa wowote wa Dar tarehe 25 Desemba saa tano asubuhi, iwe Mbagala, Tabata au Kimara. Huhitaji kuuliza leo ni siku gani, pua inakwambia: bizari nyembamba, mdalasini, vitunguu vimekaangwa mpaka vinakaribia kuungua. Nenda Dodoma, nenda Mwanza, ni yale yale. Wakristo wa bara, ambao wengi mabibi zao hawakuwahi kuiona iliki, wanasherehekea kuzaliwa kwa Yesu kwa chakula kilichoingia pwani kutoka Uajemi na Bara Hindi, kikapikwa na Waislamu kwa karne kadhaa kabla hakijapanda treni kwenda bara.

Sasa kuna jamaa kazini ameshikilia kwamba hiyo ni dalili ya watu wasio na utamaduni. Ati wenzetu wana vyakula vyao vya asili vya sikukuu, sisi tunaazima sufuria ya jirani. Tulibishana mpaka muda wa chakula ukaisha. Msimamo wangu ni huu: nitajie nchi yoyote, nikutajie chakula chake cha sikukuu kilikoazimwa.

Anzeni na Mwingereza na bata mzinga wake. Bata mzinga ni ndege wa Meksiko, amefika Ulaya karne ya 16. Kabla ya hapo, na muda mrefu baadaye, mwenye uwezo alichinja bata bukini. Viazi vya kuoka vinavyozunguka sahani vimetoka milima ya Andes. Ondoa vya kuazima, Mwingereza anabaki na vikabichi vile vidogo vidogo na huzuni.

Mreno je? Usiku wa tarehe 24 anakula bacalhau, samaki aliyekaushwa kwa chumvi, kisha akalowekwa na kuchemshwa na viazi na kabichi na kumwagiwa mafuta ya zeituni. Mreno atakwambia hicho ndicho chakula cha taifa. Lakini samaki mwenyewe haishi kwenye maji ya Ureno! Anaishi bahari za baridi huko Norwei, Iceland na Newfoundland. Mabaharia wa Kireno walimfuata huko karne kwa karne, na siku hizi wananunua wingi wake kutoka Norwei.

Halafu Japani, hawa ndio kiboko. Wakristo ni kama asilimia moja tu, tarehe 25 Desemba ni siku ya kazi kama Jumanne yoyote, lakini jioni ya tarehe 24 watu wamepanga foleni KFC. Duka la kwanza la KFC Japani lilifunguliwa mwaka 1970, na mwaka 1974 kampuni ikaja na tangazo la nchi nzima la "Kentucky kwa Krismasi". Likashika. Leo familia zinaagiza kuku wiki kadhaa kabla ili wasikose, na baada ya kuku ni keki nyeupe ya krimu yenye stroberi juu.

Kwa hiyo nauliza: ulipo au ulipotoka, sikukuu inaliwa nini, na kilitoka wapi? Siyo Krismasi peke yake. Idi, mwaka mpya, mavuno, mfungo, leteni.


Kibosho Kwetu:

Mkuu, hapo uliposema "Wakristo wa bara" Uchagani usituingize.

Sisi Desemba hatupiki sufuria moja tukamaliza. Kuanzia tarehe 20 barabara ya Dar kwenda Moshi ni msafara, nauli zinapaa, kila Noah imegeuka basi. Tangu treni ya abiria irudi Moshi Desemba 2019 kidogo watu wanapumua. Na ukifika nyumbani kazi ya kwanza siyo kula. Wazee wanakaa, wenye ugomvi wanaitwa, jani la isale linatoka, mtu anaomba msamaha. Hapo ndipo mbuzi anachinjwa, na mbuzi wa Kichagga hagawanywi ovyo. Kila kiungo kina mwenyewe kwa ukoo, na ukimpa shemeji kisicho chake utasikia habari zako mpaka Pasaka.

Damu na utumbo vinapikwa kisusio. Ndizi zinapikwa machalari na nyama, nyingine zinapondwa na maharage kiburu. Mbege imeshachachuka. Pilau ipo, sikatai, ni ya watoto waliotoka Dar na wakwe.

Hapo tumeazima nini?


Mla Ukoko:

Kibosho Kwetu amesema:
"Hapo tumeazima nini?"

Ndizi, mkuu. Mgomba ni wa Asia ya Kusini Mashariki na New Guinea, umevuka bahari kuja huku. Maharage ni ya Amerika. Mbuzi kafugwa kwanza Asia Magharibi.


Kibosho Kwetu:

Na ulezi wa mbege? Ulezi ni wa nyanda za juu za Afrika Mashariki, hapa hapa. Kwa hiyo pombe ni yetu. Mengine chukua.


Kipepeo75:

😂😂 Pombe ni yetu. Uzi ufungwe.


Profesa wa Kijiweni:

Mtoa mada, hoja yako ina tundu. Umeweka kwenye kapu moja vitu viwili visivyofanana. Mreno na samaki wake wameishi pamoja kwa zaidi ya miaka mia nne, bibi kamfundisha mama, mama kamfundisha binti. Mjapani kauziwa. Kuna watu walikaa ofisini, wakaona Desemba hakuna mshindani, wakatengeneza tangazo. Huwezi kuniambia hiyo nayo ni mila.

Na ukiwauliza Wajapani wenyewe sikukuu yao kubwa ni ipi, ni Mwaka Mpya, siyo hiyo ya kuku. Usiku wa tarehe 31 wanakula tambi ndefu za ngano nyeusi. Siku zinazofuata ni visanduku vya osechi: vyakula vidogo vidogo vimepangwa ghorofa kwa ghorofa, dagaa, kamba, mayai ya samaki, maharage meusi matamu, vyote vimepikwa kabla kwa sukari na siki ili visiharibike, mama wa nyumba apumzike jiko siku tatu. Na mochi, mikate ya mchele iliyotwangwa mpaka ikanata kama ulimbo. Kila Januari wazee kadhaa wanakabwa nayo, wengine wanafariki, na kila mwaka serikali inawasihi waikate vipande vidogo. Hawaachi. Kile ambacho mtu yuko tayari kukabwa nacho, hicho ndicho chakula chake cha sikukuu.


Mla Ukoko:

Profesa, mtoto wa Kijapani aliyezaliwa 1980 alimkuta huyo kuku mezani, na wanawe wamemkuta, na wajukuu watamkuta. Kwake tangazo liko wapi? Pilau nayo nani anamkumbuka aliyeileta Morogoro?


Mama Shughuli:

Nimewasoma wote. Nyie wanaume mnazungumza historia, mimi nazungumza sufuria, maana mimi ndiye ninayeitwa kupika hizo shughuli zenu, harusi, hitima, komunio ya kwanza, na Krismasi nalala kwenye jiko la watu.

Pilau haijashinda kwa kuwa ni ya pwani. Imeshinda kwa hesabu. Sikukuu kwetu hujui watakuja wangapi. Ukipika wali na mchuzi, kila sahani inadai kipande chake cha nyama kinachoonekana. Wageni wakizidi, aibu. Pilau nyama imejificha. Ladha ya nyama imeshaingia kwenye kila punje, kwa hiyo mtoto akipata punje zenye rangi na kijipande cha kidole, ameridhika na anajua amekula nyama. Chakula kingine gani kinafanya hivyo?

Siri yenyewe iko kwenye kitunguu, siyo kwenye pakiti ya "pilau masala". Kitunguu kikatwe chembamba, mafuta yasiwe ya kubania, na usikae kuchati. Kitaanza cheupe, kitakuwa cha dhahabu, wengi wanatoa hapo ndiyo maana pilau zao zinafanana na wali wenye homa ya manjano. Subiri. Kinakuja kahawia, harufu inageuka kidogo kuwa ya ukali, hapo hapo weka kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa, vinakizima kisiungue. Nyama umeshaichemsha pembeni na supu yake umeitunza. Bizari nyembamba nzima unaisugua kiganjani unapoiweka. Mchele ukinywa supu mpaka vitundu vinaonekana juu, funika, punguza moto chini, makaa yahamie juu ya mfuniko. Kwenye gesi hupati hiyo, msinidanganye.

Na kumbukeni mchele wenyewe. Mimi nimekulia Singida, nyumbani ni uwele na mtama, ugali mwekundu. Mchele tulikuwa tunauona Krismasi na Pasaka. Siyo kwamba mama alikuwa mgeni wa utamaduni wake. Alikuwa anapika kile ambacho mwaka mzima hakukiweza. Ndiyo sikukuu hiyo.


Mtaa wa Saba:

Mama Shughuli umemaliza. "Wali wenye homa ya manjano" naiba hiyo.


Chapo Mbili:

Salaam kutoka Nakuru. Mama Shughuli amesema kitu ambacho Wakenya tunakijua kwa tumbo. Kwetu badala ya pilau weka chapati.

Chapati ni ya Wahindi, hakuna anayebisha. Walikuja kwa maelfu kujenga reli kati ya 1896 na 1901, wengine wakabaki wakafungua maduka, na unga wa ngano ukaanza kuuzwa. Lakini ngano ilikuwa ghali, mafuta ghali, na kazi yenyewe si mchezo. Kwa hivyo shags, yaani kijijini, chapati ilikuwa ya Krismasi. Ulikuwa unaanza kuhesabu kuanzia Novemba. Siku yenyewe mamako na mashangazi wanakanda unga kwa maji ya moto tangu asubuhi, wengine wanasukuma kwa chupa ya soda, na wewe mtoto umekaa karibu na jiko ukingoja ile ya kwanza, ile iliyoungua kidogo ambayo haiwezi kupewa mgeni. Zingine zinapangwa kwenye sufuria, zinafunikwa kwa kitambaa, na kuna mtu mzima amekalia stuli kando yake kama askari jela.

Sasa hivi chapati iko kila kibanda, asubuhi na chai, mchana na ndengu. Na bado Krismasi bila chapati hakuna mtu ataamini imefika. Hapo ndipo nakataana kidogo na Mama Shughuli: uhaba uliianzisha, lakini uhaba umeisha na chapo haijatoka mezani.


Mwana wa Muscat:

Assalaam alaykum. Mimi ni wa asili ya Unguja, mzaliwa wa Oman. Nyumbani bado tunazungumza Kiswahili, bibi hakutaka kusikia lugha nyingine jikoni.

Idi ya huku imepangwa kwa siku. Asubuhi ya kwanza baada ya sala ni arsiya, mchele na nyama vimepikwa na kupondwa mpaka vimekuwa kitu kimoja, na samli juu. Siku nyingine ni mishkaki, na kwa hili mtu wa Forodhani hatakuwa mgeni hata kidogo. Lakini mfalme ni shuwa. Mbuzi au paja la ng'ombe linapakwa vitunguu saumu, pilipili, bizari, iliki, karafuu na siki, linafungwa kwenye majani ya mgomba, halafu linatiwa kwenye kikapu kilichosukwa kwa makuti ya mtende. Shimo la mtaa limeshachimbwa na kuchomwa kuni mpaka limebaki makaa tu. Kila familia inaleta kikapu chake kimefungwa alama, waya, kitambaa, kibati chenye jina. Vinatupwa vyote kwa pamoja, wanaume wanakimbia kwa sababu joto linaunguza nyusi, mfuniko wa bati unawekwa na udongo unazibwa pasitoke hata uzi wa moshi. Mnaondoka. Siku moja, pengine mbili.

Mkifukua, nyama haihitaji kisu. Na ugomvi wa kila mwaka ni alama zilizoungua: hiki kikapu cha nani?

Kuhusu kuazima: karafuu za kwenye shuwa ni habari ya Unguja na Pemba, na mishkaki na halua sijui nani alimfundisha nani. Bahari ni moja, madau yalikwenda na pepo za msimu na kurudi na pepo za msimu. Sijaona haja ya kudai.


Mkazi wa Kusini:

Ahsante Mwana wa Muscat. Mimi ni mtu wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, na nashangaa uzi umefika hapa hakuna aliyetaja Mwaka Kogwa.

Huu ni mwaka mpya wetu, Nairuzi, na asili yake ni ile Nowruz ya Uajemi. Wairani wanausherehekea Machi, usiku na mchana vinapolingana, wanakula wali wa majani mabichi na samaki. Wetu unaangukia Julai, kwa kuwa mwaka wa Kiswahili wa jua ni wa siku 365 kavu, hauongezi siku ya mwaka mrefu, basi umekuwa ukisogea polepole.

Watu wa nje wanakuja kupiga picha wanaume wakichapana kwa migomba, upande wa kaskazini na upande wa kusini, kutoa vinyongo vya mwaka. Kisha kibanda cha makuti kinachomwa moto, aliyekuwamo ndani anachomoka mbio, na wanawake wamevaa kanga mpya wanaimba maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Wageni wakishapata picha zao wanapanda gari kurudi mjini. Wanakosa nusu ya sikukuu.

Nusu ya pili ni chakula majumbani, wali wa nazi, samaki, kuku, maandazi, na kwetu ni kitu kibaya nyumba kukosa mgeni siku hiyo. Usiombe ukutane na bibi wa Makunduchi ambaye bado hajapata mgeni na mchana unakwisha. Atakuvuta mkono barabarani. Usipokula umemharibia mwaka.


Mzamiaji wa Kraków:

Hapo kwenye mgeni umenigusa, Mkazi wa Kusini, maana nimeoa Poland na jambo hilo hilo lipo huku kwenye theluji.

Usiku wa tarehe 24 hawaanzi kula mpaka nyota ya kwanza ionekane. Watoto wanapangwa dirishani kuitafuta, na Desemba ya huku saa kumi jioni tayari giza. Chini ya kitambaa cha meza wametandaza nyasi kavu kidogo kwa ajili ya hori la Bethlehemu. Kabla ya kijiko cha kwanza kila mtu anashika kipande chembamba cha mkate kama hostia, anamzungukia kila aliyepo, wanamegeana na kutakiana heri. Kumegeana na mama mkwe ambaye mmenuniana tangu Oktoba, wakuu, ile ni isale ya Kibosho Kwetu kabisa.

Sahani ni kumi na mbili na nyama hakuna hata moja. Supu nyekundu ya bitiruti, maandazi ya kuchemsha yenye kabichi na uyoga ndani, heringi wa mafuta, mbegu za popi na asali. Na kapi, samaki wa bwawani wa mifupa mingi, ambaye zamani alinunuliwa mzima akawekwa kwenye beseni la kuogea siku kadhaa ili tope limtoke. Wakwe zangu wanasimulia watoto walimpa jina, halafu tarehe 24 vilio nyumba nzima. Mtoa mada atafurahi: watawa walimfuga huyo samaki kwenye mabwawa tangu zama za kati, lakini kutawala kila meza ni baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikomunisti ilipotafuta samaki wa bei nafuu na kuhimiza mabwawa. Wengine bado wanaweka gamba lake kwenye pochi hela zisikate mwaka mzima. Ninalo. Hela zinakata.

Sasa mgeni. Mezani kuna sahani moja zaidi, na kiti, kwa ajili ya mtu yeyote atakayebisha hodi. Nilimuuliza mama mkwe, kuna aliyewahi kuja? Akasema, "Wewe." Akaendelea kugawa supu.


Kipepeo75:

Aisee 🥹


Shamba la Bibi:

Mimi nipo Doha, ulinzi. Nakaa bweni moja na Wafilipino, na kwao Krismasi inaanza SEPTEMBA. Siyo utani. Tarehe mosi Septemba nyimbo zimeshawashwa. Kuanzia tarehe 16 Desemba wanasali misa za alfajiri siku tisa, na wakitoka nje ya kanisa kule kwao wanakuta bibingka zinauzwa: unga wa mchele, tui la nazi, umemiminwa kwenye chombo chenye jani la mgomba, makaa chini na makaa juu. Mwenzangu aliponionyesha video nikamwambia huo ni mkate wa kumimina wa Tanga, mmeutoa wapi? Naye akaniuliza swali hilo hilo.


Dereva wa Masafa:

Niko Addis kikazi. Hakuna aliyewagusa Wahabeshi na hao ndio walimu.

Krismasi yao, Genna, ni tarehe 7 Januari. Lakini habari ianzie nyuma: siku 43 kabla yake ni mfungo. Hakuna nyama, mayai, maziwa wala siagi. Dengu na mboga, dengu na mboga. Ukikaribia tarehe yenyewe mji mzima unanukia kuku wazima. Kila abiria ana kuku kashikwa miguu kichwa chini, mbuzi yuko juu ya keria, kwenye basi la mwendo mrefu utakaa na jogoo mapajani siyo wako.

Usiku wanasali kwa mashuka meupe mpaka karibu na alfajiri, wanarudi nyumbani na doro wat inafunguliwa. Mama Shughuli, hii utaipenda. Kitunguu, kilo kwa kilo, kinapikwa bila mafuta kwa saa kadhaa kinakorogwa tu mpaka kimekuwa uji wa kahawia. Ndipo pilipili yao ya berbere inaingia, siagi yenye viungo, kuku aliyekatwa vipande kumi na viwili, na mayai ya kuchemsha mazima. Unachota kwa injera, mkate wao mpana mwembamba. Baada ya siku 43 za dengu, tonge la kwanza watu wananyamaza.

Mtoa mada, najua unakuja na pilipili kwamba ni ya Amerika. Sawa. Ila nadhani mnaangalia mahali pabaya kuuliza chakula kimetoka wapi. Ule mfungo ndio unapika. Mpe Mhabeshi doro wat hiyo hiyo mwezi wa Juni, ni mchuzi wa kuku. Na ndugu zetu Waislamu wanalijua hili kuliko sisi, tambi za Idi zina utamu ambao sukari haiuelezi.


Profesa wa Kijiweni:

Dereva kasema nilichokuwa natafuta. Mjapani na KFC yake hajafunga chochote.


Mla Ukoko:

Na Mkristo wa bara anayekula pilau tarehe 25 kafunga? Mama Shughuli kashajibu: mwaka mzima wa ugali ni mfungo tosha. Tofauti ni kwamba haukuandikwa kwenye kalenda ya kanisa. Kwa hiyo sasa naona hivi: kuazima kunaeleza kimetoka wapi, kukosa kunaeleza kwa nini kimekaa. Chapo Mbili ndiye mwenye swali gumu, maana chapati imebaki hata baada ya kuacha kuwa adimu. Hilo sina jibu lake leo.


Bukavu Salama:

Siye ku Bukavu Noeli ni ya kanisa, Bonane ndiyo ya sahani. Tarehe mosi Januari mtoto lazima avae nguo mpya na ale kuku, hata kama mwaka ulikuwa wa vita. Sombe (kisamvu), mchele, sambaza (dagaa) ya Ziwa Kivu, nyama kama ipo. Wengine hawakupata kuku miaka mingine. Lakini ile siku jirani aliyechinja anapeleka sahani kwa asiyechinja, na sahani hairudi tupu, hata kama utaweka maembe mawili tu.


Baba Wawili Ilala:

Nimesoma yote, nzuri sana. Sasa tuache dunia. Mke wangu yuko safari na mwaka huu jiko ni langu. Mchele kilo tano, Mama Shughuli, nyama ngapi, supu ngapi? Wageni kama thelathini na tano, watoto wengi.


Mama Shughuli:

Nyama kilo tatu yenye mifupa kidogo, kama hali ni ngumu mbili na nusu itakwenda. Vitunguu kilo moja na nusu, usipunguze. Saumu vichwa vitano, tangawizi ya kiganja kizima. Bizari nyembamba vijiko vitano vya chakula, mdalasini vijiti vinne, iliki na pilipili manga za wastani, karafuu kumi na tano tu, zikizidi chakula kinanukia dawa ya meno. Mchele wa Kyela ukiwa mpya, supu na maji viwe kikombe kimoja na nusu kwa kikombe cha mchele. Ukiwa wa zamani, ongeza kidogo. Viazi ukitaka, vikaange kwanza visipondeke. Chumvi onja kwenye supu, iwe kali kidogo kabla mchele haujaingia. Kachumbari ikatwe mwisho kabisa, wageni wakiwa wameshakaa.


Baba Wawili Ilala:

Ahsante dada. Na tui la nazi naweka wakati gani?


Mama Shughuli:

Nazi kwenye pilau? Fungua uzi mwingine.


Mkazi wa Kusini:

Ufungue tu, tutakuja wote.